Kabla Hujampiga Samaki Picha

Kila baada ya wiki mbili hivi kuna mtu wa Nairobi anayeigundua Kisumu. Anaondoka Ijumaa jioni, anarudi Jumapili usiku, na kufikia Jumatatu saa nne simu zetu zimejaa. Samaki mzima kwenye sinia, kichwa huku na mkia kule, ugali kando, osuga na kachumbari. Jua likizama ziwani. Video fupi ya ohangla, watu wakitikisa mabega. Chini yake ameandika kwamba Kisumu ni mji wa raha, watu wake wanajua kuishi, na kila Mkenya afike huko hata mara moja kabla hajafa.

Sina ugomvi na samaki. Jua nalo lizame linavyotaka. Ugomvi wangu ni na hayo maneno, "watu wake wanajua kuishi", kwa sababu wanaoyaandika hawajawahi kuuliza hao watu wanaishi wapi siku hizi, na nani aliwahamisha.

Mimi naishi Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Niliacha chuo mwaka wa pili, ada iliponilemea, na tangu hapo nakula kwa kuandika: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, wasifu wa watu wanaotafuta kazi, makala za safari. Za safari ndizo zinalipa afadhali. Mwaka jana kuna jukwaa moja la utalii liliniagiza sababu kumi za kuzuru Kisumu. Nikapeleka tisa za kawaida, na ya kumi nikaandika habari za ufukwe wa Lwang'ni. Makala ilipotoka, ya kumi ilikuwa imefutwa, na mahali pake mtu ameweka "machweo ya kupendeza". Kuuliza, nikajibiwa kwamba wasomaji wa wikendi hawataki presha.

Haya. Hii hapa sababu ya kumi, na zile tisa nazitupa.

Tuanze na ardhi iliyo chini ya kiti cha plastiki unachokalia.

Kabla ya reli, pale palikuwa mahali pa kubadilishana. Maelezo yanayorudiwa sana kuhusu jina la Kisumu ni kwamba linatokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali: wewe una nafaka, mwenzako ana mifugo, yule ana samaki, mnakutana. Yaani kabla ya gati, kabla ya hoteli, kabla ya benki, mji ule ulikuwa chakula. Ndipo Waingereza wakaja na meli zao za vipande. SS William Mackinnon ililetwa ikiwa imefunguliwa kama kitanda cha dukani, vyuma vyake vikabebwa na wapagazi kutoka pwani, na mwaka 1900 ikashushwa ziwani ikiwa nzima. Tarehe 20 Desemba 1901 reli nayo ikafika majini. Mwisho wa reli ukaitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa kazi ya kutandika reli. Pahali ambapo watu walikuwa wanakwenda kutafuta chakula pakapewa jina la bibi wa msimamizi. Jina hilo halikudumu. Tabia ya kupaita pahali pa watu utakavyo wewe ndiyo iliyobaki.

Na wewe msee wa Kitengela, usidhani hiyo ni habari ya Wajaluo peke yao. Reli ile ilipita Bonde la Ufa, na serikali ya kikoloni ilitaka walowezi wakae kandokando yake, walime, wasafirishe mazao, reli ijilipe. Kulikuwa na Wamaasai hapo. Mwaka 1904 wakafanyiwa mkataba, wakaondolewa maeneo ya Naivasha na Nakuru, baadhi wakapelekwa Laikipia na wengine hifadhi ya kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na wale wa Laikipia nao wakaswagwa kusini. Mwaka 1913 walikwenda mahakamani. Wakaambiwa mikataba ile ni kama ya taifa na taifa, mahakama haina uwezo wa kuigusa. Hifadhi hiyo ya kusini ndiyo leo tunaiita Narok na Kajiado.

Kwa hivyo chumba changu kimoja hapa Kitengela na sahani yako kule Kisumu vinaunganishwa na reli ileile. Kule ilifungua bandari, huku ikasukuma watu. Ukiisifu bandari bila kuwataja waliosukumwa, umesoma nusu ya risiti.

Sasa Lwang'ni. Jina lenyewe kwa Kijaluo ni nzi, na hakuna aliyejaribu kulipamba. Kwa miaka mingi ndipo ulipokwenda kula samaki Kisumu: vibanda vya mabati vimepangana karibu na maji, moshi, mafuta yanalia kwenye karai, mama anakuonyesha samaki wabichi kwenye beseni, unachagua wako, anamchana ubavuni, anamtumbukiza. Magari yalioshwa ziwani pembeni. Palikuwa na kelele na palikuwa na uchafu, tusidanganyane. Lakini kila mtu alikula pale, kuanzia utingo hadi mheshimiwa, na wenye vibanda walisomesha watoto kwa yale makarai. Mwaka 2019, bandari ikifanyiwa ukarabati, vibanda vilibomolewa. Kile chakula unachotumwa Kisumu kukila ndicho kilichoondolewa ufukweni.

Februari 2021 ikawa zamu ya Kibos. Pale waliishi Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa mkoloni, na ambao wamekaa Kibos tangu enzi hizo. Nyumba zao zilibomolewa ili kupisha ukarabati wa reli, katikati ya janga la korona, wakati sote tulikuwa tunaambiwa tukae nyumbani. Desemba mwaka uohuo treni ya abiria kutoka Nairobi ikarudi Kisumu. Nakumbuka shangwe zilizojaa simuni: madirisha, mandhari, chai kwenye vikombe vya karatasi. Sikumbuki hata picha moja iliyosema treni ilipita wapi kuingia mjini. Mei 2022 Kisumu ikawa mwenyeji wa mkutano wa Africities, viongozi wa miji ya Afrika wakaja kujadili miji ya ukubwa wa kati, na rangi ikapakwa. Wageni walipokelewa vizuri. Hapo sina shaka, Kisumu wanajua wageni.

Najua utakachosema. Maendeleo lazima. Bandari ilikuwa imezeeka, meli zimelala, mizigo ya Uganda inapita kwingine, gugu maji limejaa, na mji wa ziwa usio na meli ni kichekesho. Nakubali yote hayo. Bandari ilihitaji kazi, na mtu yeyote aliyeona gati lile kabla ya ukarabati hawezi kubisha. Ninachobisha ni hesabu. Mtu anayeweza kuchora gati, reli, barabara na maegesho ya malori anashindwaje kuchora mstari mmoja wa majiko, maji safi, mifereji na vyoo kwa akina mama waliokuwa hapo? Si kwamba haikuwezekana. Hawakuwa kwenye mchoro kwa sababu aliyeshika kalamu aliwaona kama uchafu wa kuondolewa, halafu idara ya utalii ikawaona kama kivutio cha kutangazwa. Watu walewale, macho mawili, na hakuna jicho hata moja lililowaona kama wenyeji wa pale.

Ya pili ni samaki mwenyewe.

Ukiagiza mbuta, unakula mgeni. Mbuta hakuwa samaki wa ziwa lile. Aliingizwa miaka ya 1950, wakati wa mkoloni, kwa hoja kwamba samaki mkubwa ana faida kubwa. Akala wadogo. Fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao hawapatikani popote pengine duniani, aina nyingi zikatoweka. Kisha miaka ya 1980 vikaja viwanda vya kuchuna minofu ya kuuza nje, Ulaya hasa. Mnofu ukapanda ndege. Kilichobaki, kichwa, mkia na mifupa katikati, kikauzwa kwa watu wa mtaa, kikakaushwa, kikakaangwa, kikapewa jina: mgongo wazi. Tamka polepole. Hakuna mwanauchumi aliyewahi kueleza biashara ya ziwa lile vizuri kuliko aliyebuni jina hilo. Mwili umekwenda kwa wenye pesa, mgongo umebaki kwa wenye ziwa.

Na ukiagiza ngege, usiape. Huenda ametoka ziwani. Huenda amefugwa kwenye vizimba vinavyoelea. Huenda amefika kwenye kontena kutoka China akiwa amegandishwa. Jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 lilifika mdomoni mwa Rais wa nchi. Mvuvi anayetoka usiku na nyavu na kurudi asubuhi na samaki wa kujaza ndoo nusu anashindana na barafu iliyovuka bahari. Wewe unampiga picha kwa sababu mtumbwi wake unapendeza jua linapozama. Muulize basi kilo anauza ngapi, na mafuta ya injini yamepanda kiasi gani.

Ya tatu ni muziki, na hapa ndipo damu hunichemka.

Tunapenda kusema Kisumu ni mji wa muziki kana kwamba muziki umeota pale kama gugu maji. Muziki ule una mafundi. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, mikono iko kwenye nyuzi, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea ubao wa chombo chenyewe. Mtu mmoja, bendi nzima. Vijana waliposhika gita wakahamishia mdonoo ule kwenye nyuzi za umeme, na benga ikasimama. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, akaja na Shirati Jazz na kuwa mfalme wake. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zilizowakera wakubwa, na mwaka 2006 akafa katika ajali ya barabarani huko Kisumu. Benga hiyo haikubaki ziwani. Santuri alizotoa mtayarishaji Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, na huko mtindo wenyewe ukaitwa kanindo. Hebu fikiria: nchi nyingine imechukua jina la mtu wetu ikalifanya jina la muziki, na sisi hapa tukiulizwa ni nani tunakodoa macho.

Ayub Ogada aliubeba wimbo wake "Kothbiro" na nyatiti yake hadi ukasikika kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005. Alifariki 2019, huko huko Kisumu. Suzanna Owiyo aliutungia mji ule "Kisumu 100" ulipofikisha miaka mia moja mwaka 2001. Hawa si "mazingira". Hawa ni wafanyakazi. Na ukiingia ukumbini Jumamosi usiku, bendi iko jukwaani tangu saa tatu, inapiga hadi alfajiri, wewe umelipia chupa ya kinywaji bei ya kuwalipa wapiga gita wawili, halafu ukamrekodi mwimbaji uso kwa uso bila hata kuuliza anaitwa nani. Video yako ikatazamwa na watu elfu arobaini. Yeye akarudi nyumbani na bodaboda kwa mkopo.

Sasa kuna mwenzangu aliniambia, buda, unaharibia watu raha yao. Watu wamechoka, mshahara ni mdogo, acha wale samaki kwa amani. Namuelewa. Mimi pia nimechoka. Lakini raha isiyovumilia swali moja dogo ni raha gani? Kama kujua jina la aliyekukaangia samaki kunamfanya samaki awe mchungu, basi tatizo halikuwa swali.

Na nina sababu ya kulisema hili nikiwa Kitengela.

Karibu na steji yetu, upande wa barabara ya Namanga, kuna mama anayekaanga samaki. Wateja tunamwita Mathe wa Samaki. Alikaanga samaki ufukweni Kisumu kwa miaka mingi kabla mambo hayajaharibika. Akaja huku kwa bintiye anayeshona nguo kwenye viwanda vya EPZ, Athi River. Samaki wake wanafika na basi la usiku. Jioni watu wakishuka kutoka tao, foleni yake ni ndefu kuliko ya M-Pesa. Mwaka jana alikuja asubuhi moja akakuta kibanda kimelala chini, karai limekunjika kama karatasi. Nani alituma greda, hakuna aliyemwambia. Majirani wanataja huyu, wengine wanataja yule. Nilipompa pole, alinijibu, "Nyathina, mimi nimezoea. Mahali nikikaa pakapendeza, najua wanakuja." Kisha akaniuliza kama nataka mkia au kichwa.

Nimelibeba neno hilo. Mahali nikikaa pakapendeza, wanakuja. Hiyo ni historia ya Kisumu nzima na ni historia ya Kajiado. Angalia mji wetu. Kitengela ilikuwa nyika ya malisho, wanyama wakitoka Mbuga ya Nairobi na kuhama kusini kupitia humu. Baada ya EPZ kufunguliwa Athi River miaka ya 1990, watu wakamiminika, ardhi ikakatwa vipande, ua ukafuata ua. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya laki moja na nusu. Sasa na sisi tumeanza kugunduliwa. Wikendi magari yanatoka Nairobi kuja kula nyama choma, yanapiga picha ya mbuzi kwenye ubao, ya shuka nyekundu, ya machweo juu ya nyika. Wanaandika kwamba Kajiado ni raha, watu wake wanajua kuchoma. Na yule mzee aliyemfuga mbuzi, ambaye kila kiangazi anatembeza mifugo mbali zaidi kwa sababu njia zimezibwa na maploti, hayumo kwenye picha. Na yeye yuko kwenye zamu yake ya mgongo wazi.

Kwa hiyo sisemi usiende Kisumu. Nenda. Panda basi, panda treni kama ipo, kula hadi ushindwe kufunga mshipi. Lakini nenda kama mtu anayekwenda kwa watu. Ukifika, kula kwa mama wa kando ya barabara kabla hujala kwenye hoteli yenye mwonekano wa ziwa. Muulize alikuwa anakaanga wapi mwaka 2018. Ataweka mwiko chini akueleze. Ukisikia bendi, uliza jina la mpiga gita la solo, mtumie chake mkononi, na ukiweka video andika jina hilo kwanza, la ukumbi baadaye. Ukiwa na kalamu, kamera au wafuasi, kataa kazi ya sababu kumi kama ya kumi haitakiwi. Fedha ni kidogo hata hivyo, naijua, nimeilipwa.

Na walio ofisini, wa Kisumu na wa huku kwetu, ambao mabango yao yanatangaza chakula na ngoma zetu: wekeni wenye makarai kwenye mchoro kabla ya kuleta greda. Gati lijengwe, barabara ipanuliwe, na pembeni mchore majiko, bomba la maji, mfereji na choo, kwa majina ya waliokuwapo, si kwa majina ya mabinamu wa diwani. Hilo halihitaji mkutano wa kimataifa. Linahitaji mtu mmoja ashuke kwenye gari na daftari, ahesabu vibanda, na aulize kila mwenye kibanda anaitwa nani.

Mathe wa Samaki ameshasimamisha kingine, hatua kama thelathini kutoka pale pa kwanza. Karai ni jipya. Wateja wameanza kurudi na panaanza kupendeza tena, na ndiyo maana naandika sasa, wala si baadaye.